Paa Nimelishikiza

Nyakato, Musoma
9 Septemba 2024

Kwa mdogo wangu Abdulnasir,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, Hasna na watoto. Sisi huku uzima wetu ni wa kuungaunga. Mama presha inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe, na mimi macho yananiuma kwa kushonea kwenye taa ya sola.

Usishangae kupata barua zama hizi. Siku ile ulipokubaliana na wale ndugu zetu wa kwa mama mkubwa, mke wa kwanza wa baba, kwamba nyumba ya marehemu baba iuzwe, nilikwambia sauti yako sitaki kuisikia tena kwenye simu yangu, na bado sitaki. Ukipiga nitakata. Lakini kwenye karatasi mtu humkatizi mwenzio, ndiyo maana nimeshika kalamu. Anayekuletea ni Wankyo, yule mama anayechukua dagaa Mwigobero na kuuza soko la Bunda. Majibu mpe yeye.

Shida ni hii. Baada ya nyumba kuuzwa tulibakiziwa gereji ya baba, mimi na mama tukahamia humo pamoja na harufu yake ya oili. Sasa wiki iliyopita upepo wa ziwani umeondoka na bati zote. Nyingine tumezikuta kwa Mzee Burito, jirani yetu wa mbele, zimejikunja hazifai hata kuzibia banda la kuku. Tunalala kwa Hyasinta, yule nesi mstaafu wa nyuma. Ni mtu mwema, lakini wema wa kulala kwa watu unauelewa.

Mama nimemwambia aje kwako kwa muda. Amekataa katakata. Anasema, "Baba yenu yuko hapa Musoma, na mimi mtanilaza hapa hapa pembeni yake. Nikishavuka kwenda Bunda hamtanirudishaga." Basi wewe ni fundi wa mapaa, watu wanakufuata mpaka Butiama. Nakuomba, na siyo kwa ajili yangu. Tuwekee paa ili mama asitoke Musoma.

Ni mimi dada yako,
Mwanaamina


Bunda
17 Septemba 2024

Kwa dada yangu Mwanaamina,

Shikamoo dada. Waalaykum salaam. Sisi hatujambo, hofu ni kwenu mliopeperushiwa bati. Mwambie mama namwamkia, na mwambie chumba chake hapa kipo, choo kipo ndani, na Hasna anasema atampikia uji wa ulezi mpaka achoke mwenyewe.

Ile nyumba dada, mimi peke yangu ningezuia vipi? Walikuwa wengi na mimi nilikuwa mmoja. Ila naona tukianza hayo karatasi haitatosha.

Paa nitakuja kuliweka, wala usinibembeleze, ni mama yangu pia. Ila ujue zile kuta baba alizijenga kwa tofali moja moja na udongo wa kichuguu, hakuna saruji hata chembe. Zimezoea kubeba fito na bati jembamba. Mimi kenchi zangu ni za mbao ngumu, na bati nitakaloleta ni nene ili upepo wenu usipate la kushika. Ukuta utahitaji msaada. Hilo niachie mimi.

Nakuja mwezi ujao. Najua hutanisemesha. Sawa tu, nitaongea na mama.

Mdogo wako,
Abdulnasir


Bunda
21 Oktoba 2024

Dada Mwanaamina,

Shikamoo. Sisi tumefika salama. Vipi hali ya mama na hali yako?

Samahani nimeondoka bila kuaga. Nilikukuta umegeuza uso ukutani unakanyaga cherehani kwa hasira hata uzi ulikuwa haujaingia kwenye sindano, nikaona nisikupotezee muda.

Kazi umeiona. Kenchi ziko juu, bati zimekaa, na paa nimelishikiza. Kilichobaki ni kidogo, nitakuja kukimalizia nikitoka Butiama, kuna mzee mmoja mstaafu namjengea nyumba kule na ana haraka kama anayekimbizwa. Mama anaweza kuhamia, hamna shida. Nilimwona alivyokuwa anaangalia juu anacheka peke yake, ikanipa raha kuliko sifa za watu wote ninaowafanyia kazi.

Mdogo wako,
Abdulnasir


Nyakato, Musoma
30 Oktoba 2024

Kwa Abdulnasir,

Marahaba. Sisi ni wazima, alhamdulillah. Hii marahaba usidhani nimekusamehe mambo yote, nimeitika tu.

Paa ni zuri. Juzi mvua imenyesha usiku kucha na mama kalala mpaka alfajiri, asubuhi akaniambia, "Abdulnasir ana mikono ya baba yake." Nilifurahi, na ninakuandikia ujue.

Kitu kimoja. Ile mirunda, ile miti uliyokuwa unapandia, umeiacha imesimama katikati ya chumba. Kitanda cha mama tumekipitisha ubavuubavu, na cherehani yangu imebanwa kwenye kona. Niambie, nimpe Wankyo aipakie kwenye gari la dagaa ikufuate, au utaipitia mwenyewe? Nijibu mapema.

Dada yako,
Mwanaamina


Musoma
25 Novemba 2024

Abdulnasir,

Assalaam alaykum. Salamu zitosheke hapo. Mama amevunjika nyonga, yuko hospitali. Ukipata hii barua njoo.

Nilikuuliza habari ya mirunda, hukunijibu. Wiki iliyopita Mzee Burito alifariki. Wanaume wa mtaa wakaja, wakasema turubai la mtaa lipo ila nguzo za kulisimamishia zimeliwa na mchwa. Wakaiona mirunda yako. Wewe unajua mtaa wetu, na unajua tangu baba yuko hai gereji yetu ndiyo ilikuwaga inatoa miti ya misiba. Ningewaambia nini? Mtu kalala ndani, ndugu zake wamekaa juani, mimi niseme mirunda ya mdogo wangu haiguswi? Nikawaambia chukueni. Waliigonga kwa nyundo ikatoka, vumbi likatumwagikia, mama mwenyewe akawaambia wachukue na kamba.

Paa halikusogea. Msiba ukaisha, wakaanua tanga, na siku hiyo hiyo jioni mvua ikaja na upepo wa ziwani. Mama alikuwa ndani anapeta mchele. Mimi nilikuwa nje naanua nguo. Nikaona ukuta wa upande wa ziwa unatoka nje taratibu, kama mtu anayejifikiria kama akae au asikae, halafu ukalala wote. Kenchi zikashuka upande mmoja. Tulimtoa mama chini ya kenchi. Alikuwa bado ameshika ungo.

Njoo.

Dada yako


Bunda
9 Desemba 2024

Kwa dada Mwanaamina,

Shikamoo. Mama yupo hapa kwangu, amelala. Nilimchukua moja kwa moja kutoka hospitali kwa sababu Musoma hakuna pa kumlaza, na wewe mwenyewe unalala kwa watu. Daktari alisema asitikiswe, nikamleta polepole. Najua ulisimama mlangoni pa wodi unalia, nami sikugeuka. Nilikuwa na hasira, nikigeuka ningesema maneno mabaya mbele ya wagonjwa.

Sasa nayasema. Dada, nani alikwambia ile mirunda ni ya kupandia? Ile ndiyo ilikuwa imebeba paa! Nilipitisha boriti chini ya kenchi na mirunda ikashika boriti, ili uzito usiende kwenye ukuta wa udongo mpaka nije nimwage nguzo za zege. Nilikuandikia paa nimelishikiza. Nimelishikiza! Kuna fundi gani, kuna mtoto gani hapa mjini, asiyejua kitu kilichoshikizwa bado hakijakaa? Mbao unaipiga msumari nusu, hiyo ndiyo kushikiza. Hata shule anayosoma mwanangu inaitwa shule shikizi kwa sababu haijawa shule kamili. Wewe ukang'oa, ukagawa, mama akaangukiwa.

Barua yako ya mirunda niliikuta hapa Bunda niliporudi kutoka Butiama. Hasna alikuwa ameiweka juu ya kabati. Wakati naisoma, yako ya pili Wankyo alikuwa amesimama mlangoni ameishika.

Mdogo wako,
Abdulnasir


Nyakato, Musoma
16 Desemba 2024

Kwa Abdulnasir,

Marahaba. Mama anaendeleaje? Anakula? Anapenda furu wa kukaushwa, siyo sangara, sangara anamtapisha. Mwambie Hasna.

Umeandika kwa hasira, nami nakujibu kwa hasira, tuwe sawa. Mimi ni fundi cherehani toka sijaolewa mpaka nimeachika. Kwetu sisi kushikiza ni kifungo. Gauni unalikata, unaliunga, unalipindisha, unalipiga pasi, ndiyo unashikiza vifungo. Ukishashikiza unakunja, unaweka kwenye mfuko, mwenyewe anakuja anachukua. Haina kazi nyingine baada ya hapo. Uliponiandikia paa umelishikiza, nilijua limefungwa kwenye ukuta mpaka siku ya kiama. Na ukaongeza mama ahamie, hamna shida. Shida haipo, mwanamke wa watu afanye nini, asilale?

Ulikuwa umekaa kwetu siku zote hizo, unakula ugali wa mkono wangu, mdomo unao. Ungeniambia, "Dada, hii mirunda isiguswe." Maneno manne tu.

Najua utasema nilikuwa nimegeuza uso. Ni kweli nilikuwa nimegeuza uso. Masikio sikuwa nimeyageuza.

Nimetafuta fundi mwingine, anaitwa Luhende, wa Kiabakari. Anamwaga zege la kweli. Nikimaliza utamrudisha mama. Na simu usinipigie, juzi umepiga mara mbili nimekata, na nitaendelea kukata.

Dada yako,
Mwanaamina


Nyakato, Musoma
20 Januari 2025

Kwa Abdulnasir,

Assalaam alaykum. Ni matumaini yangu mama anaendelea vizuri. Nilipokuja kumwona hukuwepo, ulikuwa Butiama kama kawaida yako. Alinishika mkono akaniambia, "Nirudishe, mama." Ananiita mama siku hizi. Mimi peke yangu siwezi kumbeba mgonjwa wa nyonga, nikamwambia Abdulnasir atakuleta. Alikuwa ameshafunga khanga zake kwenye kifurushi, ameweka chini ya mto.

Nakuarifu gereji imesimama. Kuta mbili tumezijenga upya. Nguzo za zege ziko kila kona, zina nondo ndani, na juu Luhende amefunga mkanda wa zege kuzunguka pote, kenchi zako zile zile zimekaa juu ya mkanda. Nilimwambia anionyeshe kila kinachobeba na kinachobebwa. Alinicheka, lakini alinionyesha. Kitanda cha mama nimekiweka usawa wa dirisha, akilala anaona njia ya makaburini kama alivyotaka.

Mlete kabla mvua za masika hazijaanza. Tafuta gari lenye nafasi ya kulala.

Dada yako,
Mwanaamina


Bunda
3 Februari 2025

Kwa dada Mwanaamina,

Shikamoo. Barua nimeipata. Hongera kwa nguzo. Fundi wako amefanya kazi nzuri, nilipita siku moja nikachungulia wakati uko Mwigobero, nikaona aibu kugonga kwa Hyasinta nikarudi zangu.

Mama ni yule yule. Uji anakunywa kidogo. Kila ikiadhiniwa magharibi anauliza gari limefika? Hasna anamjibu litakuja kesho. Mimi naona kwa sasa tungeacha kwanza. Barabara itamtikisa, na daktari wa hapa anasema nyonga ya mtu mzima haishiki upesi. Na kule wewe uko peke yako, unashona, nani atamgeuza kitandani? Hapa tupo wengi. Tumvute mpaka baada ya Idd, akiwa na nguvu, nitamleta mimi mwenyewe.

Usinifikirie vibaya. Maisha yangu yote mama amekaa kwako, mimi nilimpata kwa siku za sikukuu. Sasa hivi nikirudi kazini namkuta. Hilo nalo uliangalie.

Dada, fungua simu tuongee. Haya mambo ya Wankyo siyo ya kuendesha mgonjwa.

Mdogo wako,
Abdulnasir


Bunda
20 Februari 2025

Dada yangu Mwanaamina,

Shikamoo. Sijui kama hii utaifungua. Ulipoondoka hapa matangani hukunipa mkono, na wanawake wote waliona.

Naandika kwa sababu pale sikupata nafasi ya kukueleza. Mama alikata roho wakati wa alfajiri. Nilikupigia hapo hapo. Ukakata. Nikapiga tena, ukakata. Nikaendelea kupiga, ukazima kabisa. Namba ya Hyasinta ningeitoa wapi? Hasna aliitafuta kwenye simu yake hakuiona. Nikamtuma mtu sokoni kwa Wankyo, akakuta ameshapanda gari la kwenda Serengeti. Mashekhe wakasema maiti asicheleweshwe, walishaswali adhuhuri wakawa wanangoja nje. Watu walikuwa wamejaa, kaburi limechimbwa. Dada, nilikuwa sina nguvu ya kusimama mbele ya wale watu wote niseme ngojeni. Wewe unanijua. Hata ile siku ya nyumba sikuwa nayo.

Tumemzika hapa Bunda. Najua alisema nini. Kila siku alikuwa ananiambia na mimi namwambia insha'Allah.

Ile mirunda ndugu zake Burito waliirudisha, nikaichukua siku nilipokuja kuchungulia. Turubai la msiba wa mama limesimama juu ya mirunda hiyo hiyo. Sikupanga. Vijana walichukua miti waliyoikuta uani.

Ramadhani inaingia wiki ijayo. Nakuomba radhi, dada. Kwa nyumba, kwa paa, kwa gari ambalo sikulitafuta. Nisamehe kabla hatujaanza kufunga.

Mdogo wako,
Abdulnasir


Nyakato, Musoma
27 Februari 2025

Kwa Abdulnasir,

Assalaam alaykum. Hofu na mashaka ni kwako. Mimi ni mzima, nakula, nalala, nashona.

Ni kweli nilikata simu. Nilidhani unataka kunibembeleza mama abaki mpaka baada ya Idd. Nilikuwa nimeamka kwa ajili ya swala, nikaona jina lako, nikasema moyoni huyu leo ameanza mapema. Hilo nitalibeba mwenyewe, sikugawii. Ila la kwako nawe ulibebe. Kutoka Bunda mpaka hapa ni safari ya asubuhi, mtu anaenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Maiti angefika, angeswaliwa hapa, angelala pembeni ya baba, na hakuna shekhe ambaye angekutoa makosa. Ulishindwa kusema ngojeni. Neno moja, Abdulnasir, na kila mara linalohitajika wewe unakuwa huna.

Nilienda makaburini juzi. Pembeni ya baba pako wazi, nyasi zimeota. Nimezing'oa, sijui kwa ajili ya nani.

Gereji iko imara. Wiki hii imepiga mvua ya upepo, kubwa kuliko ile, na ukuta haukutikisika. Nililala macho wazi nasikiliza. Kitanda cha mama bado kipo pale dirishani, nimekitandika. Hyasinta ananiambia nikiuze. Mtu akiniletea nguo naiweka juu yake nikishaipiga pasi.

Kifurushi cha khanga zake Hasna alinipa. Hakijafunguliwa, na fundo ni lile lile alilofunga mwenyewe akisubiri gari.

Umeniomba radhi kabla ya Ramadhani, na sisi tumelelewa kwamba mwezi usikukute na kinyongo. Basi nimekusamehe. Nimeshikiza. Na usije ukakosea kunisoma, safari hii neno hilo nimelitumia kwa maana yenu, siyo ya kwetu.

Ramadhani njema kwa Hasna na watoto.

Dada yako,
Mwanaamina